Siku Mshonaji Alipofunga Vitu Vyake

Jumapili asubuhi mshonaji aliifunga cherehani yake kwa kamba, akaikaza kwenye nondo za dirisha. Kisha akafunga redio. Pasi aliizungushia kitambaa mara nyingi, maana ndiyo iliyokuwa na mbio kuliko vyote. Saa ya ukutani aliigongomelea misumari mingine miwili.

Bintiye alikuwa anakuja kutembea. Tangu amalize matibabu ya dawa za kulevya, msichana alikaa ng'ambo ya reli, kwenye nyumba ya vijana waliotibiwa kama yeye, chini ya mlezi mmoja mkali mwenye roho nzuri. Alikuwa ameacha kabisa, vipimo vyote vilisema hivyo. Lakini kila alipokuja nyumbani, vitu vilimkimbia. Mara ya kwanza redio ilishuka mezani ikatokea mlango wa nyuma. Mara ya pili zilitoka sufuria zote, pamoja na ya kuazima, ambayo msichana wala hakuwahi kuigusa. Jirani mwenye sufuria hakununa. Alisema ilirudi Jumanne, imechoka tu. Msichana zamani aliuza kila kilichobebeka, cherehani ya kwanza ikiwemo, na vitu havikuwa vimesahau.

Mlezi alimweleza mshonaji bila kuzunguka. Mtoto anatimiza miaka kumi na minane mwezi ujao, na nyumba ile haiweki watu wazima. Akipokelewa kwao, sawa. Asipopokelewa, anatoka getini na begi lake, na waliokuwa wakimuuzia bado wapo palepale.

Ndiyo maana ya kamba zile. Mshonaji alitaka mwanawe aingie akute nyumba imetulia, kama nyumba za watu.

Msichana aliingia, akasimama mlangoni. Akaangalia kamba, misumari, na pasi iliyoviringwa. Uso ukamshuka.

"Mama, si ungeniambia tu nisije."

"Nimevifunga visikukimbie, mwanangu."

"Nimeelewa."

Hakuwa ameelewa. Msichana alipiga magoti akaanza kufungua kamba moja baada ya nyingine, kwa subira aliyofundishwa kule. Pasi ilitoka mbio ikiburuta waya. Redio ikafuata. Saa ilijing'oa na misumari yake. Cherehani ilisitasita, kwa kuwa ni nzito, halafu nayo ikajikokota nje. Wakabaki wawili chumbani, na mshonaji aliumia sana moyoni.

"Nirudi nyumbani, mama?" msichana aliuliza. "Mwezi ujao. Sina pengine."

Mshonaji alimpenda mtoto huyu kupita kiasi. Alinyoosha mikono amkumbatie, akafungua kinywa aseme ndiyo, na miguu yake ikaanza kurudi nyuma. Aliizuia kwa kushika fremu ya mlango, haikusikia. Ilimpitisha jikoni, ikamtoa uani, ikamfikisha nyuma ya pipa la maji. Cherehani na pasi zilikuwa zimejibanza hapo. Zikasogea kumpa nafasi.

Alisimama hapo, mikono bado imenyooshwa, machozi yakimtoka. Alimsikia mwanawe ndani akizikunja kamba vizuri na kuziweka pembeni. Kisha mlango wa mbele ukafungwa taratibu.

Vitu vikaanza kurudi ndani, kila kimoja mahali pake. Miguu ya mshonaji ikarudi navyo.