Hodi ya Tatu

Mchana ule Herieli aliingia nyumbani kwake, akalivua koti, akaketi mbele ya piano bila kufunua kifuniko, kisha akalaza kichwa juu ya mbao. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa amelewa. Alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni mzigo mbaya kwa sababu hakuna wa kumtua. Nje wingu lilikuwa limeufunika mlima wote, mvua ikinukia upande wa mashambani. Alijiambia kwamba anafumba macho kidogo tu, atafakari atampelekea nini mwalimu wake kesho.

Tuseme kwanza aibu hiyo ilitoka wapi. Herieli alikuwa mpiga piano wa hoteli moja pale Moshi, na jina lake lilikuwa limevuka mji. Alipiga jazi peke yake, bila mpiga ngoma wala mpiga besi, mkono wa kushoto ukibeba kazi za hao wote na wa kulia ukizungumza. Watu walimpenda kwa jambo moja: alikuwa akiuchukua wimbo unaojulikana na kila mtu, anausalimia kwa adabu, halafu anauongoza mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe hakupajua, akibuni papo hapo mbele ya macho yao. Basi jioni moja alibuni kitu kizuri kupita kiasi. Mgeni mmoja alikirekodi kwa simu, kikasambaa, na wateja wakaanza kuja wakikitaka kile kile. Herieli akakaa chini na ile rekodi, akaikariri noti kwa noti. Hata pale alipokuwa amesita, alijifunza kusita vile vile. Tangu hapo ikawa kila akipanda jukwaani anafumba macho, anakunja uso, anauacha mkono hewani kana kwamba anatafuta, na kumbe anachokitafuta kimo mfukoni. Anayeiga wenzake tunamwita mwizi. Anayejiiga mwenyewe, mimi sijui tumwite nani.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, naye ni Mwalimu Ndesario, mzee aliyemfundisha tangu akiwa mtoto, kwanza kwenye kinanda cha kanisa na baadaye kwenye piano yake ya nyumbani. Sasa mzee alikuwa kitandani, madaktari wamekwisha kunyoosha mikono, na kitanda chake kilikuwa kimesogezwa sebuleni karibu na piano. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemwita.

"Herieli mwanangu," alisema, "nipigie kitu ambacho hakijazaliwa. Vilivyokwisha kuzaliwa nimevisikia vya kutosha."

"Nitapiga, Mwalimu."

Akaketi, akataka kwa moyo wote, lakini vidole vikashika njia yao ile ile. Katikati ya safari kidole cha mwisho kiliteleza kikaangukia noti ya kando, noti kavu, isiyo na ndugu pale. Mzee, ambaye alikuwa amelala chali kimya, akageuza kichwa. Herieli alidhani amemuumiza. "Samahani, Mwalimu, nimeteleza," alisema, akarudi nyuma, akaparekebisha, akamaliza vizuri bila doa. Mzee akafumba macho. "Hiyo nimeshaisikia," akasema. "Njoo kesho, kama kesho ipo." Aikande, binti wa mzee, alimsindikiza hadi getini na kumwambia kwa upole, "Kaka, jitahidi. Kitu hiki tu ndicho anachokiomba." Hayo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani, na usingizi ukamchukua akiwa nayo.

Akajiona yuko katika nchi tambarare, yenye majani ya rangi ya jivu, ambayo njia zake zilikuwa zimekanyagwa mpaka zikawa mitaro. Watu walipita humo ndani wakionekana vichwa tu, nao hawakutazama kulia wala kushoto kwa kuwa kulia na kushoto kulikuwa ukuta wa udongo. Sauti katika nchi ile haikutoweka. Ukikohoa, kikohozi kilikaa pale pale hewani kikikohoa, na kila kilichowahi kuimbwa kilikuwa kingali kinaimbwa juu ya vichwa vya watu, mpaka masikio yakauma. Ukingoni mwa mtaro alisimama mama mmoja mrefu aliyejitanda kanga iliyopauka, ameinamisha kichwa upande mmoja, ametulia. Herieli akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba. Mimi ni Usikivu," alisema. "Najua unachokitafuta. Mwisho wa nchi hii kuna nyumba ya Sasa, na Sasa ana kitu cha kumpa mwalimu wako. Lakini hampi mtu kitu kile kile mara mbili, wala hafungulii hodi aliyokwisha kuisikia. Nami naweza kukuongoza tu, siwezi kukuitia hodi. Twende, mwenye mgonjwa hakai njiani."

Wakashuka mtaroni, na mtaro ukawafikisha kwenye nyumba kubwa yenye kivuli kizuri, nyumba ya Bwana Mazoea na mkewe Bi Sifa. Mwenye nyumba alikuwa mnene na mkarimu, akampa Herieli kiti ambacho kilikuwa na umbo la makalio yake tayari, na chakula alichowahi kukipenda siku fulani. Bi Sifa alizunguka na mtungi wa tembo, akimimina na kusema, "Kunywa, bingwa. Hakuna kama wewe. Ile, ile uliyoileta siku ile, tuletee tena." Herieli akanywa, akajisikia vizuri, na sitaki kusema uongo, hata mimi ningekunywa. Ila kila alipomrudishia kikombe, ladha ilipungua, mpaka akajikuta anakunywa maji matupu na bado anashukuru. Alipouliza kwa nini, Bi Sifa alicheka mpaka machozi. "Hivi hujui? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tembo hili umelileta mwenyewe, mgeni wangu. Mimi kazi yangu kumimina."

Uani palikuwa na kelele. Watumishi wa nyumba walikuwa wakimfukuza mtu mmoja chakavu, mwenye mguu mmoja mfupi, aliyekuwa amejaribu kuingia karamuni. Walimpiga kwa ufagio, wakamtupia maganda, na wageni wote, ambao kila mmoja alikuwa fundi wa jambo fulani, waliangalia pembeni kwa aibu, maana hapakuwa na fundi hata mmoja asiyemfahamu. "Ni nani?" Herieli aliuliza. "Anaitwa Kosa," alijibu Bi Usikivu, "naye atatufuata." Kweli, walipoondoka, Kosa alifuata nyuma akichechemea, na Herieli akachukizwa mno, akaokota bonge la udongo akamrushia. Lilimpata begani.  Kosa alijipangusa, akaendelea kufuata.

Mbele mtaro uliisha, ukaanza uwanda wa Upweke. Huko hapakuwa na njia, wala sauti zile za juu hazikufika. Herieli alizoea kujisifu kwamba anapiga peke yake, lakini hapa ndipo alipojua kuwa peke yake ni nini: hakuna ngoma ya kukuficha unapokosa la kusema, hakuna rafiki wa besi wa kukushika mkono, hakuna hata mtu wa kumlaumu. Alisikia mkono wake wa kushoto ukitembea wenyewe tu, mzito, kama mtu anayelinda nyumba ambayo wenye nyumba wamehama. Akaogopa. Aliogopa kweli, si woga wa jukwaani ambao ukipigiwa makofi unakwisha, bali ule wa mtoto anayeamka akakuta nyumba haina watu. "Mama," alisema, "nipe basi hata wimbo mmoja wa kuvukia."

"Ukiwa nao hutavuka," alisema Bi Usikivu. "Watu wengi wamekufa hapa mikono imejaa. Tulia usikie. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Hicho ndicho kitu chenyewe. Mwalimu wako aliishi hapa maisha yake yote, kila alipoketi kwenye kinanda. Alikuwa anaogopa kama wewe, lakini alikuwa hakimbii."

Herieli alitamani kumwamini. Alitembea akiwa ameyashika mabega yake mwenyewe, na nyuma yake alisikia mguu mfupi wa Kosa ukikwaruza ardhi, na mara mbili tatu alisimama kumfukuza. Ajabu ni kwamba, katika kimya kile, mkwaruzo huo ndio ulikuwa kitu pekee kipya alichokisikia tangu aingie nchini humo. Hakulitia jambo hilo maanani.

Wakaifikia nyumba. Ilikuwa ndogo, na mlango wake wa mbao nyeusi zilizong'arishwa ulimfanya akumbuke kifuniko cha piano ya mzee. Bi Usikivu akasimama mbali kidogo. "Desturi unaijua," alisema. "Hodi ni tatu. Usipofunguliwa ya tatu, mgeni muungwana hurudi alikotoka."

Herieli akapandisha kola, akakunja uso, akafumba macho, akaacha mkono hewani kidogo, halafu akagonga na kuita hodi kwa namna yake nzuri, ile ambayo mji mzima uliipenda. Ndani, kimya. Akagonga mara ya pili, naye akasikia waziwazi kwamba ni ile ile, hata pale pa kusita. Alikuwa amekusudia nyingine kabisa na mkono ulikuwa umemletea ile ile.  Akamkumbuka mzee kitandani, akaukumbuka uso wake uliogeukia dari, akajiambia sasa, sasa, na akauinua mkono kwa mara ya tatu.

Hapo Kosa akamfikia. Alijikwaa kwa mguu wake mbaya, akamwangukia Herieli mgongoni, na ngumi ya Herieli ikagonga pasipotarajiwa, kando karibu na bawaba, sauti kavu isiyo na ndugu. Mlango ukafunguka upana wa kidole. Mwanga wa rangi asiyoijua ukamgusa kiatu, na mtu akasogea ndani haraka, kwa hamu, kama asiyetembelewa miaka mingi.

"Nani huyo?" sauti iliuliza. "Hebu gonga tena hivyo hivyo."

"Samahani," alisema Herieli, na uso wake uliwaka kwa haya. "Samahani sana, nimeteleza." Akamsukuma Kosa pembeni, akajinyoosha, akagonga vizuri, pale pale panapostahili, kama alivyozoea. Mlango ukafungwa polepole, bila hasira.

Alipogeuka, Kosa alikuwa ameketi chini akikung'uta vumbi miguuni, na Bi Usikivu alikuwa akimsaidia kuinuka kwa heshima ambayo hakuwa amemwonyesha mtu mwingine safari nzima. "Huyu ndiye mtunza ufunguo," alisema. "Kwenu mnasema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ni neno jema kwa mwendesha mashua na kwa mpika chakula. Lakini kwa aendaye kwa Sasa, mambo ni mengine. Kosa usiyemrudia anabaki kosa. Ukimrudia, anakuwa jirani. Ukimrudia tena, anakuwa njia, na wanaokusikia watasema ulikuwa unakwenda huko tangu mwanzo."

"Acha nibishe tena, mama. Mara moja tu. Huyu Kosa namjua sasa."

"Hodi ni tatu, baba."

Alilia. Aliupiga mlango kwa viganja, na viganja vyake vilipiga kwa mpangilio, kila pigo mahali pake, zuri, lisilo na doa, mpaka mlango ukaanza kulia kama simu.

Ilikuwa simu yake kweli, juu ya piano, pembeni ya sikio. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliyepiga ni Aikande, na kabla hajasema neno Herieli alikuwa amekwisha kujua.

"Kaka, Baba ametutoka," alisema. "Amekwenda kwa utulivu tu. Nilikuwa namnywesha uji."

"Pole, dada. Pole sana." 

"Kuna kitu alikisema, nilitaka nikwambie ukija kesho. Ulipoondoka alikuwa anagonga kidole kwenye blanketi, kidole kimoja tu, hakiachi. Nikadhani ni maumivu. Nikamuuliza, Baba, unataka nini? Akasema, mwambie Herieli arudie pale alipoteleza. Alisema pale tu ndipo alipokuwa anakwenda vizuri." Akavuta kamasi. "Mimi hata sikusikia kama uliteleza, kaka. Wewe si unajua ni wapi?"

Herieli akasema ndiyo, anajua. Akaweka simu chini. Uso wa mzee uliogeuka kwenye mto ukamrudia, na sasa aliuona vizuri: hakikuwa kichwa cha mtu aliyeumizwa, kilikuwa cha mtu aliyesikia hodi. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na mjukuu huyu alikuja na meno yake yote. Akafunua kifuniko, akaanza mwanzo kabisa, akaenda polepole kuelekea pale katikati, akikingojea kidole cha mwisho kiteleze. Hakikuteleza. Akarudi, akajaribu kukipotosha kwa makusudi, akagonga noti hii ya kando na ile, na zote zilikuwa noti mbaya tu, hakuna hata moja iliyokuwa ile. Hakuwa ameisikiliza asubuhi. Alikuwa amekimbilia kuiombea samahani. Akaanza tena mwanzo. Mvua ilizidi, watu wa msiba wakaanza kupiga simu, naye hakupokea. Kila alipofika pale, vidole vilipita salama.