Nyota ya Baba Mkwe

Katika nyumba ile, mtu akisifiwa kwa chakula alichopika, basi ajue bado ni mgeni.

Mkamwana, yaani mke wa kijana wao wa pekee wa kiume, aliligundua hilo mapema. Mama mkwe akipika wali, wanawe humuuliza kama siku hizi kokoto zimeshuka bei, naye hucheka chinichini na kuwaongeza upawa mwingine. Mkamwana akipika wali uleule, kwa sufuria ileile, meza nzima huinamisha vichwa na kusema, "Asante sana, pole na kazi, chakula kizuri." Kisha huletewa chai katika kikombe cha kaure chenye maua, na kisahani chake chini, ilhali wenzake wote wanakunywa katika vikombe vya bati vilivyobonyea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Harusi ilishatimiza miezi minane na jembe halijaonekana. Chumba alikuwa nacho, mume alikuwa naye, hata msumari wake wa kutundikia taulo alipewa. Alichokosa ni mtu wa kumsema kidogo, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Kwa hiyo mama mkwe alipoteleza bafuni Krismasi ikikaribia, mkono ukafungwa plasta, Mkamwana alisikitika kama inavyompasa mtu mwenye adabu, halafu akaenda chumbani kwake akafurahi. Biskuti za Krismasi za nyumba ile hazikuwahi kupita mikono mingine. Na sasa mama mkwe mwenyewe alikuwa amemwita jikoni.

"Mwanangu, mwaka huu biskuti itabidi uzioke wewe. Kibati cha kukatia kiko kwenye droo."

Hili ndilo jembe, Mkamwana alijiambia.

Kibati alikikuta chini ya vijiko. Kilikuwa ukanda wa bati uliokunjwa kwa mkono ukaunganishwa ncha. Alikigeuza huku na huku. Upande mmoja kilikuwa na kitu kama miguu miwili, upande wa pili mguu mmoja mnene, juu palikuwa na uvimbe, na katikati, bila sababu yoyote, palikuwa na kiuno.

"Mama, hiki ni nini?"

"Nyota," alisema mama mkwe, akitazama dirishani. "Baba yenu aliitengeneza mwaka tuliooana."

Sasa, Mkamwana alikuwa fundi cherehani, na fundi wa kweli ana ugonjwa wake. Hawezi kuona pindo limekwenda upande akapata usingizi. Siku ya harusi yake alimshika bwana harusi kidevu, akamgeuza mbele ya mpiga picha, kwa sababu nywele za upande wa kulia zilianzia juu kuliko za kushoto. Zilikuwa zimekatwa na baba mtu. Baba mkwe alikuwa kinyozi, mpole, mcheshi, mwenye wateja wasiomhama, na kila mteja wake alitoka pale akionekana kama mtu anayesikiliza habari kwa sikio moja.

Mkamwana alipokitazama kibati kile hakuwaza mabaya. Aliona nyota iliyozeeka, iliyolaliwa na vijiko miaka mingi mpaka ikapoteza umbo lake. Akatoa koleo kwenye boksi la cherehani, akatoa na tepu yake ya kupimia, akaikunja kona moja baada ya nyingine. Aliifanya kazi hiyo kwa heshima, kama mtu anayemnyooshea mzee kola kabla ya kwenda kwenye sherehe. Alipomaliza, kila ncha ilikuwa sawa na mwenzake.

Siku ya mkesha, jioni, alipanga trei ya kwanza mezani ili watu waonje. Biskuti zilikuwa na rangi ya asali, kila moja nyota, kila nyota pacha wa jirani yake. Mumewe aliokota moja akaigeuza upande wa chini, kana kwamba huko kungekuwa na maelezo. Wifi yake, ambaye ni nesi na kwa kawaida haogopi kitu, alichovya yake kwenye chai; ncha ikakatika ikazama, naye akabaki anaitazama ilikopotelea. Mama mkwe alijishughulisha na plasta yake.

"Zimependeza sana," alisema wifi.

"Asante sana," alisema mumewe. Hata mumewe.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema mama mkwe.

Baba mkwe peke yake ndiye aliyetafuna mpaka mwisho. "Nyota," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsalimu mwenzake aliyemsahau jina, kisha akachukua mashine yake ya kunyolea akatoka kwenda kumtengeneza jirani kwa ajili ya sikukuu.

Mkamwana alirudi jikoni akaanza kuosha trei ambayo haikuwa chafu. Wifi akamfuata, akafunga mlango.

"Niambie tu, wifi," alisema Mkamwana. "Nimezidisha chumvi?"

"Hujazidisha kitu. Hizo ni biskuti nzuri kuliko zote zilizowahi kuliwa humu ndani."

"Sasa mbona mmekaa kama mko msibani?"

Wifi alishusha pumzi. "Ile haikuwa nyota. Ilikuwa chura."

Mkamwana aliacha trei.

"Mimi nasema chura," wifi aliendelea. "Mumeo anasema ni mbuzi amekaa kitako. Mama, akiwa ameudhiwa na Baba, anasema ni shangazi yake Baba. Kila Krismasi Baba akitoka kwenda kunyoa watu, tunabishana mpaka chai inapoa. Tangu tukiwa wadogo. Krismasi yetu ndiyo hiyo, wifi yangu. Biskuti zenyewe hazijawahi kuwa na maana."

"Mbona hamkunionya?"

"Nani alijua utaitia koleo? Na sasa tutalalamika nini? Baba anajua alitengeneza nyota. Miaka yote tumemwambia ni nyota. Leo imekuwa nyota."

"Basi tuikunje upya wenyewe."

"Tukunje chura au tukunje mbuzi? Tutagombana mpaka Pasaka."

Wifi alipotoka, Mkamwana alikaa juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa. Alikuwa amepewa jembe, akalinyoosha mpaka likawa kijiko. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona huzuni, kwa sababu kitu chenyewe hakikuwa bati. Angeweza kununua bati. Alikuwa ameiondoa hoja waliyokulia nayo, na watu wale walikuwa na adabu mno kumwambia.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kwenda kanisani, alimkuta baba mkwe barazani akipangusa vitana vyake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Heri ya Krismasi."

"Baba, nina kosa. Nyota yako nimeiharibu." Akamkabidhi kibati kwa mikono miwili. "Nilitia koleo bila ruhusa. Naomba uitengeneze kwa mkono wako, maana anayeijua ni wewe."

Nyuma ya pazia la sebuleni palikuwa na watu watatu, mmoja wao na plasta. Baba mkwe alivaa miwani. Aliikagua nyota polepole, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Ni kweli," alisema, akigusa kona iliyonyooka kuliko zote. "Hapa imepinda."

Akaomba koleo. Kwanza alichora hewani kwa kidole, na alichochora kilikuwa nyota kamili. Kisha akaanza kukunja, ulimi umetokeza kidogo kama anavyofanya akinyoa mtoto mtundu. Ncha ya kwanza ikawa mguu. Ya pili ikawa mguu. Ya tatu ilimshinda, akaiacha inenepe. Hakuwa akitania wala kumfurahisha mtu. Mzee alikuwa akitengeneza nyota kwa moyo wake wote, kama alivyofanya mwaka aliooa, na mikono yake ilikuwa ileile. Mwishowe akaibana katikati ili iwe imara, kiuno kikarudi.

Akaiinua kwenye mwanga. "Sasa hii ndiyo nyota."

Mkamwana aliitazama. Alikuwa amewahi kupoteza wateja kwa sababu hakuweza kumwambia mtu kwamba pindo lililopinda limenyooka.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Hii ndiyo yenyewe."

Walipotoka kanisani alilisukuma donge la unga lililobaki, akakata, akatia kwenye oveni. Kwa wasiwasi alizisahau kidogo, zikaungua chini. Baba mkwe alizitazama, uso ukamchangamka kama wa mtu aliyekumbuka lile jina, akatia mbili mfukoni, akatoka na mashine yake kwenda kumnyoa balozi wa mtaa.

Mlango haujafunga sawasawa, wifi akasema, "Mwaka huu chura kavimba shavu."

"Chura ana pembe?" alisema mumewe. "Mbuzi huyo."

Mama mkwe aliuma yake, akatafuna muda mrefu. "Na ameungua," alisema, akimgeukia Mkamwana. "Mtu ana macho ya kutunga uzi kwenye sindano gizani, moshi jikoni hauoni?"

Mkamwana alisubiri asante sana ifuate, na pole na kazi. Hazikufuata. Mama mkwe alinyanyuka, akakiondoa mbele yake kile kikombe cha maua na kisahani chake kwa mkono mmoja mzima, akavirudisha kabatini. Aliporudi alimwekea kikombe cha bati kilichobonyea karibu na kishikio.

"Kinavuja kidogo," alisema. "Kunywa upande huu. Haya, na wewe sema, ni nini hicho?"

Mkamwana aliigeuza biskuti yake kwenye mwanga, kwa makini ya fundi.

"Mimi naona ni mtu," alisema. "Katoka kunyolewa na Baba."

Walibishana mpaka chai ikapoa.