Figo ya Winchi

Jamaa walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na ukimwona hukuuliza kwa nini. Alikuwa mwalimu wa mazoezi kwenye ukumbi wa kunyanyulia vyuma, na kila asubuhi alikoroga kijiko kimoja cha unga wa kreatini kwenye maji, akanywa, akaingia kazini. Unga halali, wa dukani, wenzake wote waliutumia kutia misuli nguvu. Asubuhi ya kwenda kupimwa figo alikoroga vijiko vitatu.

Sasa hebu ona akili za watu wa vyuma! Dada yake mkubwa, fundi cherehani, figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili, anaishi kwa kusafishwa damu na mashine, na kati ya ndugu wote ni Winchi peke yake aliyelingana naye kiasi cha kuweza kumpa figo moja. Hospitali walimwambia aje bila kula, anywe maji tu. Yeye akaona unga ukishakorogwa ni maji, tena mtu anayekwenda kutoa figo aende na nguvu zake, madaktari wasije wakamwona legelege. Jioni iliyotangulia alikuwa amenyanyua vyuma mpaka mikono ikatetemeka. Bidii zote hizo, jamani, kwa ajili ya dada.

Majibu yalipotoka waliitwa wote wawili. Daktari, mama mmoja mpole wa miwani, akasema kiwango cha taka kwenye damu ya Winchi kiko juu. Figo zake zinaonekana hazichuji inavyotakiwa. Hawezi kutoa.

Winchi alishusha pumzi. Baada ya hapo hakusikia kitu. Si huzuni, si aibu. Alikufa ganzi tu, kichwani hadi nyayoni, akatoka nje akimfuata dada yake kama mtu aliye kwenye foleni.

Na dada ndiye aliyembembeleza! "Usijali, mdogo wangu. Ndiyo mipango ya Mungu. Sasa na wewe ujitunze." Mgonjwa akaanza kumchunga mzima: mara amkataze kubeba ndoo, mara amtumie ujumbe kumuuliza kama amekunywa maji. Winchi alijibu "ndiyo, dada" na kurudisha simu mfukoni. Vyuma aliviacha. Unga aliusukumia chini ya kitanda, kwa kukosa hamu tu, wala si kwa ushauri wa mtu. Lakini usingizi aliupata fofofo, yeye aliyekuwa akigaagaa kitandani kabla ya majibu, akiwaza kisu cha upasuaji.

Wiki kadhaa zikapita, hospitali wakamwita tena, safari hii kwa ajili ya figo zake mwenyewe. Damu ikapimwa. Taka zimeshuka, ziko sawasawa. Daktari akavua miwani.

"Ulikuwa unatumia dawa gani wakati ule?"

"Mimi? Situmii dawa."

"Hata za kuongeza nguvu?"

"Aa, ule unga tu. Ule si dawa."

Lo! Alipotaja na vile vijiko vitatu, daktari alishika kichwa, akajilaumu kwa kutomuuliza mapema. Akamweleza: mwili ukiutumia unga ule hubaki taka, na taka hiyo hiyo ndiyo wanayoihesabu kwenye damu. Mazoezi makali nayo huiongeza. Basi mtu mzima kabisa huweza kuonekana mgonjwa. Watarudia kwa kipimo cha aina nyingine ili kuhakikisha, lakini kwa anavyoona yeye, figo ni nzima.

"Dada yako hatujamwambia," daktari aliongeza. "Na ukiona huwezi, tutamwambia hufai, basi. Sababu hatutoi. Ni haki yako."

Yaani angeweza kunyamaza, na ukoo mzima ungeendelea kumhurumia. Winchi aliliwaza hilo njia nzima bila moyo kumdunda hata kidogo. Miguu ikampeleka kwenye kichumba cha ushonaji.

Dada alikuwa anapinda sare za shule, miguu yake imevimba hata ndala hazimwingii. Alipomwona hakusimamisha cherehani.

"Dada, figo zangu ni nzima. Ulikuwa ni ule unga."

Sindano ikaendelea mpaka mwisho wa pindo.

"Siku ile walipokukataa ulishusha pumzi," dada alisema. "Nilikuwa nimekaa ubavuni kwako. Nilikusikia."

"Nilifurahi."

"Najua."

"Na sasa hivi sijui nahisi nini. Mwili mzima ganzi."

Akangoja aambiwe usijali. Kumbe ndicho alichokifuata pale, maskini, hicho tu. Dada akakata uzi kwa meno.

"Mimi naitaka hiyo figo," alisema. "Nilikwambia usijali kwa sababu kitu kama hicho mtu haombi. Lakini naitaka. Nimechoka na ile mashine. Nataka kuishi, na wewe unayo."

Huyu ndiye aliyemlea, na tangu utotoni Winchi hakuwahi kumsikia akimwomba mtu chochote. Akakaa juu ya rundo la vitambaa. Ganzi ikaanza kumtoka, na kilichokuwa chini yake ni woga mtupu. Akalia, mtu mzima na misuli yake, kamasi zikamtoka.

"Naogopa, dada."

"Ogopa tu," dada alisema, akivuta sare nyingine. "Lakini uje."