Jiwe Lililoitwa Ofisini

Jiwe lile lilikuwepo kabla ya mtaa na kabla ya kanisa, na Mama Obedi aliliheshimu kama mkubwa wake, ila hakuliamini. Tangu mumewe afariki, kila mvua zikikatika alipanda nyuma ya nyumba na kipande cha mkaa, akachora mstari pale jiwe lilipoukalia mwamba. Miaka tisa, mistari tisa. Jiwe lenye ukubwa wa kibanda cha duka lilikuwa limeteremka upana wa kiganja, na uso wake ulielekea nyumbani kwake.

Mwaka huu akaamua kujenga ukuta wa kulizuia kabla ya vuli. Fundi alikuwepo, kilichobaki ni kibali. Mlimani hapajengwi hata banda la kuku bila wakaguzi wa usalama kupanda, nao hawapandi bila fomu iliyosainiwa na majirani wa pande zote nne.

Revocatus, mtendaji wa mtaa, kijana mwenye adabu, alimpa shikamoo akaipokea fomu kwa mikono miwili. Kaskazini, kusini na magharibi walikuwa wamesaini.

"Mama, jirani wa mashariki yuko wapi?"

"Mashariki ni jiwe, mwanangu. Ndilo hilo ninalolizuia."

Revocatus alifikiri sana. Akasema fomu yenye nafasi wazi hurudishwa, na tena ukuta wenyewe unajengwa kumzuia huyo jirani, kwa hiyo ni haki asikilizwe. Mama Obedi akasema jiwe halijui kuandika. Revocatus akajibu kwamba wasiojua kuandika huweka dole gumba.

Aliyepata njia ni Mzee Maige, mwenyekiti wa mtaa. Kwa desturi ya baraza lao, mtu akiitwa mara tatu asifike, mwenyekiti humsainia. Basi jiwe liitwe, kila Jumatatu saa tatu asubuhi. Mama Obedi akatazama mawingu upande wa ziwani, akahesabu majuma, akapiga ishara ya msalaba, akakubali.

Wito wa kwanza ulibandikwa kwa uji wa muhogo, ukiwa na muhuri. Jumatatu benchi likaachwa wazi kwa ajili ya mgeni hadi saa sita, Revocatus akaandika: hakufika. Akina mama wa jumuiya waliokuja kushuhudia wakaanza kulisema jiwe kuwa lina kiburi. Bernadeta, jirani wa kusini, akauliza kama liliamkiwa, maana kwa umri linatuzidi wote. Hilo likaonekana ni neno. Wito wa pili Revocatus alipanda nao, akavua kofia, akasema shikamoo. Alisubiri kidogo kabla ya kupaka uji.

Halikufika tena.

Wito wa tatu ulipobandikwa, vuli ilikuwa imeanza. Jumapili, baada ya misa, Mama Obedi alipanda na mkaa wake akakuta mstari wa tisa umeachwa vidole viwili juu. Hakubishana na mtu. Alibeba msalaba na godoro, akahamia kwa Bernadeta, kisha akagonga kila mlango ulio chini ya jiwe hadi watu wote wakatoka.

Jumatatu, saa tatu kasoro, Mzee Maige na Revocatus walikuwa ofisini, kalamu tayari. Mlima ukanguruma. Jiwe lilipita na jiko la Mama Obedi, likaikosa nyumba yake kwa hatua mbili, likafuata njia ya watu kama mwenye kuijua, likatua kwenye ngazi ya ofisi na kuuziba mlango. Karatasi ya wito ilikuwa bado usoni pake, muhuri ukiwatazama.

Mzee Maige aliangalia saa.

"Amefika," alisema. "Andika, na amewahi."

Wakatokea dirishani.

Juma lile lote wananchi walihudumiwa dirishani. Kulivunja jiwe nako ni kazi ya mlimani, kunataka fomu na majirani wa pande nne, na jirani wa juu wa ofisi alikuwa Mama Obedi. Revocatus akapanda kwake na karatasi. Alimkuta nyuma ya nyumba, mkaa mkononi, anachora mstari kwenye jiwe jingine lililokuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza, dogo kidogo, kama ng'ombe aliyelala.

Akamwomba saini. Mama Obedi akaulizia kibali chake. Revocatus akasema, kwa heshima zote, jirani wa mashariki amebadilika, itabidi aanze upya.

Mama Obedi akamrudishia kalamu.

"Basi, mwanangu, mniite. Mara tatu."

Wito wa kwanza hakwenda. Wa pili ulimkuta anapalilia mchicha, akaupokea kwa mikono miwili, akaendelea kupalilia. Wa tatu haukuletwa; Mzee Maige, aliyekwisha kuona wito wa tatu unavyoitikiwa, alipanda mlima mwenyewe, anahema, wakaguzi nyuma yake, na kibali cha ukuta kina muhuri. Kwenye nafasi ya mashariki paliandikwa: alifika mwenyewe.

Ndipo Mama Obedi akasaini fomu ya kulivunja jiwe. Fundi alipouliza mawe ya ukuta yatatoka wapi, alimnyooshea kidole kule chini, mlangoni mwa ofisi.