Waume Wanane, Wembe Hakuna

Usiku wa jana niliota tanuri limeshikwa na uchungu wa kuzaa, na mimi nimeitwa kulizalisha.

Mimi si mkunga. Nafanya kazi maabara. Napima ugumu wa vyuma: nabonyeza chuma kwa ncha ya almasi, kisha nasoma ukubwa wa kovu linalobaki. Nilimweleza hivyo aliyeniita, mzee mfupi aliyevaa nguo ya gome la mti. Akasema ni kazi ileile.

"Ta Rwechungura," akajitambulisha. "Mkuu wa wafua chuma."

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba. Ila wanawake hawafiki hapa."

"Umeniita mwenyewe."

"Nimekuita. Sikusema ufike."

Tulikuwa juu ya kilima, magharibi ya Ziwa Viktoria, mchana kweupe. Tanuri lilikuwa refu kuliko mtu, limejengwa kwa udongo wa kichuguu. Chini lilikuwa na matundu manane. Katika kila tundu kulikuwa na bomba la udongo, nyuma ya kila bomba mvukuto, na nyuma ya kila mvukuto mwanamume mmoja akipuliza, wa kwanza ukiwa wa Ta Rwechungura mwenyewe. Tanuri lilikuwa linatoka jasho. Nililigusa jasho hilo kwa kipimajoto. Nyuzi sitini.

"Wanawake hawafiki hapa," Ta Rwechungura akarudia, kama mtu anayesoma kibao.

"Na mimi ni nani?" tanuri likauliza.

Mivukuto yote minane ikasimama. Wanaume wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Huyo ni bibi harusi," Ta Rwechungura akaniambia kwa sauti ya chini. "Ma Kyobutungi. Hilo ni jambo lingine."

"Bibi harusi wa nani?"

"Wetu. Ndiyo maana tumelala hapa siku tisa bila kwenda kwa wake zetu wa nyumbani. Mfua chuma akienda nyumbani kabla ya kuzaliwa, bibi harusi anaona wivu na chuma kinaharibika. Ni sheria."

"Ameolewa na nyote wanane?"

"Kwa zamu."

Niliandika: waume, wanane. Sikuandika maoni.

Ma Kyobutungi akaguna, na cheche zikamtoka kichwani. "Prakseda, mwanangu," akaniambia, "acha kuandika. Mtoto hashuki."

Nikachukua bomba moja la udongo, nikaegemeza upande mmoja tumboni mwake na upande wa pili sikioni mwangu. Nilisikia mapigo mia na arobaini kwa dakika. Ni kawaida. Nilisikia pia kitu chembamba kikikwaruza, kama karatasi inayovutwa juu ya kioo.

"Umekula nini?" nikamuuliza.

"Mawe mekundu ya mlimani. Makaa. Na matete ya bwawani, waliyachoma wakaniwekea chini."

"Matete ndiyo yaliyompa kaboni. Mtoto si chuma tu. Ni chuma cha pua."

Wanaume wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka kuwa hiyo ni kazi ya wanawake, wakanyamaza.

"Lakini kitovu kimemzunguka shingo," nikasema. "Lazima kikatwe akiwa bado ndani. Makaa yamebaki kiasi gani?"

"Makapu matatu," akajibu Kagaruki, mwanamume wa mvukuto wa tatu.

"Yakiisha, chuma kitagandia tumboni. Udongo utapoa na kupasuka. Tutampoteza mama na mtoto."

Wanaume walikuwa wameshayaona hayo. Bondeni palikuwa na matanuri mengine matatu yaliyopasuka, na juu ya kila moja mtu alikuwa ameweka jiwe.

"Kadi ya kliniki," nikasema.

Ta Rwechungura akaitoa kwenye gome lake. Ilikuwa kadi ya kawaida, ya rangi ya waridi, na nyuma yake viliandikwa vitu ambavyo mjamzito anatakiwa kuja navyo: mpira wa kutandika, glovu jozi mbili, uzi, wembe mpya. Vitatu vya kwanza vilikuwa vimetiwa alama ya vema.

"Wembe uko wapi?"

Ta Rwechungura akamtazama Kagaruki. Kagaruki akamtazama wa mvukuto wa nne. Wa nne akamtazama wa tano. Macho yakazunguka tanuri zima, yakarudi kwa Ta Rwechungura kutoka upande wa pili.

"Nilidhani atanunua Kagaruki," akasema.

"Mimi nimeleta uzi!" Kagaruki akasema. "Mwenye kuleta uzi anadaiwa na wembe? Wewe mume mkubwa umeleta nini?"

"Nimeleta kadi."

"Wanane," Ma Kyobutungi akasema. "Wanaume wanane, na wembe hakuna. Dada yangu wa bondeni alikuwa na mmoja tu, na yule alileta."

"Na dada yako alipasuka," mwanamume wa sita akasema.

"Alipasuka akiwa na wembe."

Kagaruki akainua mundu wake. "Dada Prakseda, huu hautafaa?"

"Kadi imeandika wembe mpya."

"Mundu ni mpya. Nimeufua juzi."

"Mundu si wembe. Unene wa mundu ni milimita nne. Wembe ni sehemu ya kumi ya milimita moja. Wembe unatengenezwa kwa chuma cha pua, na chuma cha pua chote tulichonacho kiko tumboni humu."

Nilisema hivyo ili wakate tamaa na tuanze kufikiri. Hawakukata tamaa. Walitikisa vichwa kama watu walioelekezwa njia.

"Basi mtoto atoe wembe," Ta Rwechungura akasema.

"Amesikia," Ma Kyobutungi akasema. "Anasema uvute kitovu."

"Kila kitovu kina ncha mbili, Ma. Moja kwako, moja kwake."

"Hiki kina tatu. Ya tatu ni ya kazi."

Kwenye tundu la tatu ncha ikachungulia. Nikaishika kwa glovu. Ulikuwa utepe wa chuma, upana wa vidole viwili, mwembamba kama ganda la kitunguu. Nikaupima. Sehemu ya kumi ya milimita, kamili.

Kagaruki akamimina kapu la kwanza. Nikaanza kukimbia na ncha ya utepe mkononi.

Kilima kinakuwa korido. Sakafu ni ya saruji, na taa zinavuma. Mlangoni amekaa bwana anayeng'aa mwili mzima kiasi kwamba najiona usoni mwake nikihema.

"Kromi," anasema. "Huyo mtoto hapiti bila mimi. Asilimia kumi na tatu."

"Wahenga walifua miaka elfu mbili bila wewe."

"Na kutu ikala kazi yao yote. Nenda kautafute wembe wa babu yako. Utakuta vumbi jekundu na hadithi."

Akaingia kwenye utepe kama maji yanavyoingia mchangani, na kiti chake kikabaki kimekaa chenyewe.

Mbele zaidi mashine inatoboa utepe katikati. Inatoboa, inasogeza, inatoboa. Niliisalimia. Ikajibu kwa tundu.

Kisha moto: nyuzi elfu moja na mia moja, kwa muda wa kumeza mate mara chache. Utepe ukatoka umenyooka, una kiburi. Nilidhani tumemaliza. Lakini kulikuwa na dirisha la ofisi, na nyuma yake karani aliyevaa makoti matatu, akipuliza vidole vyake.

"Baridi," akasema. "Nyuzi sabini chini ya sifuri. Wote waliotoka motoni wanapita kwangu."

"Ameshakuwa mgumu."

"Mama, mtu akitoka motoni huwa anasema amebadilika. Mimi nawachunguza. Huyu sehemu yake moja bado haijaamua." Akauvuta utepe kwenye barafu. Ulilia mara moja, sauti ndogo. "Sasa imeamua. Ila usimwinamishe. Kwa sasa ni kama kioo. Mpashe moto kidogo, wa kumpoza hasira tu."

Akagonga muhuri. Wino ulikuwa umeganda, tukasubiri uyeyuke. Wakati tunasubiri, nikasikia mbali sana, nyuma ya ukuta, makaa yakimiminwa. Kapu la pili.

"Muhuri ni lazima?" nikauliza.

"Wewe wa maabara ndiye unaniuliza hivyo?"

Nikasubiri.

Baada ya Baridi na moto mdogo aliouagiza, vinoo vitatu ndugu. Kaka mkubwa alikuwa na chembe kubwa, wa kati za wastani, mdogo laini kama unga. Waligombana kuhusu pembe ya makali.

"Wewe unakwaruza tu," mdogo akamwambia mkubwa. "Kazi naifanya mimi."

"Bila mimi ungekuwa unapapasa bati."

"Pembe tatu, kila mmoja na yake," wa kati akasema. "Kila siku nawaambia. Kila siku mnanitazama kama mgeni."

Walinoa pande zote mbili bila kuacha kutukanana.

Korido inakwisha kwenye malisho. Ng'ombe mwenye pembe ndefu, zimeinuka kama kinubi, amesimama njiani. Anatoa ulimi na kulamba makali, upande huu, upande ule, polepole.

"Huogopi kukatika?" namuuliza.

"Mwisho wa kunoa ni ngozi," anasema ng'ombe. "Jiwe linaacha makali yana vishungi, vinywele vya chuma. Ngozi inavilaza. Wewe umesoma wapi?"

Namtajia chuo.

"Hata kozi moja ya ng'ombe?"

"Hapana."

"Inaonekana." Akalamba mara ya mwisho, akauma utepe kwa meno ya pembeni. Kipande kimoja kikadondoka kiganjani mwangu.

Ulikuwa wembe. Una matundu katikati na makali mawili. Niligeuka na kilima kilikuwa nyuma yangu, hatua nne. Kagaruki alikuwa ameinua kapu la tatu, analimimina. Kapu likabaki tupu. Akalipiga kitakoni, kikatoka kipande kimoja cha kaa.

"Umeuleta?" Ma Kyobutungi akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Jasho lilikuwa limekauka, na ubavuni palikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

"Nimeuleta."

"Kata basi."

Nikatoa kifaa changu chenye ncha ya almasi.

"Unafanya nini?" Ta Rwechungura akauliza.

"Naupima. Utepe uliotoka tumboni ni laini, haujaona moto wa pili wala barafu. Wembe huu ni chuma kilekile, lakini una historia tofauti. Kama historia hiyo ni ya kweli, utakata. Kama Baridi aligonga muhuri tu, utamegeka, na hatuna mwingine. Hata unywele unaweza kumega wembe. Siwezi kumkata mtoto shingoni kwa kitu nisichokijua."

"Ukiupima utabaki na kovu?"

"Dogo. La kuonekana kwa darubini."

"Basi hautakuwa mpya."

Nikamtazama. Akanionyesha kadi. Ilikuwa imeandikwa wembe mpya. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkatalia Kagaruki mundu kwa maneno hayo.

Miaka kumi na tisa sijatoa cheti kwa kitu nisichokipima. Wapo waliokasirika, wapo waliolia, mkurugenzi mmoja alinipigia magoti ofisini. Niliwaambia wote neno moja: namba kwanza.

Ufa ukafika urefu wa mkono.

"Mwanangu," Ma Kyobutungi akasema, "mimi nimepimwa na nani?"

Nikaweka almasi chini. Wanaume wanane wakaacha kupuliza, kwa kuwa hapakuwa na cha kupulizia. Nikaingiza mkono kwenye tundu la tatu mpaka begani. Kulikuwa na joto ambalo kwa hesabu lingetosha kuniondolea mkono huo. Nikapapasa utepe, nikapapasa shingo, nikaweka wembe kati ya hivyo viwili, nikavuta mara moja.

Sikusikia chochote. Wembe ukikata vizuri hausikiki.

Kisha Ma Kyobutungi akasukuma, na bonge la chuma likateremka mikononi mwangu, jekundu, lina vitundu kama sifongo, limefunikwa na mavi ya chuma, jambo la kawaida kwa mtoto wa tanuri. Likakaa kimya kwa muda wa kuhesabu hadi saba. Nilihesabu. Kisha likalia.

"Amefanana na mimi," Kagaruki akasema.

"Wapi! Paji la uso ni langu," Ta Rwechungura akasema.

Wengine sita nao wakatoa madai. Nikampima uzito: kilo thelathini na nane. Nikamgeuza huku na huku kutafuta kasoro. Nikaandika.

"Mweke kifuani," Ma Kyobutungi akaniambia. Ufa ulikuwa umesimama. "Mimi mikono sina. Asipoe ghafla, atakakamaa."

Nikamweka kifuani, juu ya gauni la kulalia ambalo nililiona wakati huo kwa mara ya kwanza. Akatulia. Alikuwa mzito kama kitu cha kweli.

"Na ninyi," Ma Kyobutungi akawaambia waume zake, "nendeni kwa wake z—"

Hakumaliza neno. Kilima kilikuwa kimebaki na mimi tu, mivukuto minane, na vumbi likielekea vijijini.

Nikaamka saa kumi na mbili na dakika kumi. Mwanga ulikuwa umeingia dirishani. Juu ya gauni langu, kifuani, kulikuwa na punje nyeusi kama kumi na mbili, kila moja ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Masizi, niliwaza. Jirani anapikia kuni. Sikutaka kuwaza zaidi ya hapo. Nilikwenda jikoni, nikabandua sumaku inayoshikilia ratiba ya maji kwenye mlango wa friji, nikaisogeza taratibu juu ya gauni, bila kuligusa.

Masizi hayafuati sumaku. Punje hizi zilisimama zote, zikairukia. Nilizihamishia kiganjani ili nizihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Moja ilikuwa bado ya moto.