Kadi ya Tatu

Kadi ya kwanza ya kompyuta, mume wangu alisema inakoroma. Ya pili alisema imekufa upande mmoja. Siku aliponiambia anakwenda kutafuta ya tatu, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia kutoka kazini, miguu imevimba, hata mkoba sijautua.

"Baba Kidosho," nikamwambia, "safari hii tunakwenda wote. Nataka nimwone huyo fundi anayekuuzia takataka."

Mume wangu anafanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati la nguo na dirisha. Watu wa maofisini wanamtumia mahojiano waliyorekodi, naye anayasikiliza kwa hedifoni na kuyaandika neno kwa neno. Kazi hiyo ndiyo inayosomesha watoto, maana mshahara wangu unaishia kwenye kodi na chakula. Kompyuta yenyewe haiguswi na mtu mwingine, kwa hiyo aliposema kadi ya sauti ni mbovu, sote tulimwamini.

Ila wiki ile walimrudishia kazi. Mama mmoja wa ofisini alipiga simu, nikaipokea mimi kwa sababu mwenyewe alikuwa anaoga.

"Mama, nimesoma alichoandika mzee. Kuna mtu anajibu tu, hakuna anayemuuliza. Mara ndiyo, mara hapana, mara mwaka juzi, mara kwa shangazi yangu. Kama mtu anayeongea na ukuta."

Kisha akaongeza, kwa upole wa watu wa ofisini, kwamba ikitokea tena watatafuta mwandishi mwingine.

Kumbe anayeuliza walimrekodi upande wa kushoto, anayejibu upande wa kulia. Kushoto hakutoki kitu, alisema Baba Kidosho. Kadi hiyo.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye maboksi hadi darini. Fundi, mtu wa makamo, alikuwa anatafuna karanga nyuma ya kaunta.

"Mzee, umerudi."

"Nimerudi. Leo na mwenye nyumba nimemleta."

"Karibu mama. Mimi ndiye ninayesemwa?"

"Wewe ndiye. Toa kadi."

Akapanga tatu juu ya kaunta. "Hii ni ya ndani, lazima nifungue mashine niichomeke. Hii ya nje, unachomeka tu kama flashi. Na hii ni ya wanamuziki, hii huihitaji, mzee, labda uanze kuimba."

"Akiimba tunahama," nikasema.

Baba Kidosho hakucheka. Alizishika moja moja, akauliza ya ndani kama haitavuta mngurumo wa feni, ya nje kama haitalegea kwenye tundu lake, ya wanamuziki kama itakubali kompyuta ya zamani. Maswali anayajua. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli, macho yanajifumba, nawaza vyombo nilivyoviacha kwenye sinki.

"Zijaribuni basi," nikasema. "Tutalala hapa?"

Fundi akaichomeka ya nje kwenye kompyuta yake, akaweka sauti ya majaribio. Ni mwanamke tu anasema "kushoto" kwenye sikio moja, halafu "kulia" kwenye jingine. Nikazivaa hedifoni mimi kwanza. Kushoto ikasema kushoto, kulia ikasema kulia, safi kama mtu amesimama begani kwangu. Nikampa mume wangu.

Akasikiliza. Akazivua.

"Na hii mbovu."

Fundi akaacha kutafuna.

"Zivae tena," nikasema. "Sasa zigeuze. Ya kushoto iende kulia."

"Ya nini?"

"Zigeuze, Baba Kidosho."

Akazigeuza. Nikamwona anasubiri, kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu anayesikilizia mlango.

"Haya?"

"Sasa anasema kushoto tu," akajibu, akiitazama kaunta. "Kulia ndiyo imekufa."

Fundi akainuka, akasema kuna boksi anakwenda kulitafuta kule nyuma. Duka lile halina nyuma. Alikwenda akasimama akiutazama ukuta.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua nilipoleta ile ya pili. Niligeuza hivihivi."

"Halafu tumekuja kuchagua nini?"

"Kadi mbovu inarudishwa, Mama Kidosho. Mtu anakupa nyingine. Sikio nitamrudishia nani?"

Jibu nilikuwa nalo, tena kali. Nikaona uvivu kulitoa.

"Fundi," nikaita kule ukutani. "Hakuna namna sauti zote mbili zikaja upande mmoja?"

"Ipo, mama. Unaweka kwenye mipangilio ya kompyuta, zinachanganyika. Hata na kadi iliyokuja na mashine yenyewe."

"Kwa hiyo kazi anaifanya."

"Anaifanya vizuri tu."

Nikageuka, nikamkuta mume wangu ameishika ile ya wanamuziki. "Basi tuchukue hii, tusitoke mikono mitupu."

"Irudishe."

Akairudisha.

Nje jua lilikuwa bado linachoma. Nilikiona kibao cha kliniki ya masikio upande wa pili wa barabara, juu ya duka la rangi, nikaanza kuvuka.

"Kesho," akasema nyuma yangu.

"Kesho utaniambia keshokutwa."

"Wakisema halitapona?"

"Halitapona, na tutakuwa tunajua. Sasa hivi halisikii na hatujui kitu."

Akanifuata. Tulikaa kwenye benchi mpaka nikasinzia, akanigusa tulipoitwa. Nesi alikuwa binti mwenye kalamu mbili mfukoni, anauliza bila kuinua kichwa.

"Baba, hili sikio limeanza lini?"

Nikafungua mdomo niseme mwezi huu, maana kwetu anayejibu maswali ya namna hii ni mimi. Baba Kidosho akanishika mkono.

"Lilianza taratibu," akasema. "Kitindamimba wetu alikuwa anajifunza kutembea."

Kitindamimba wetu sasa anakwenda shule peke yake, na ufunguo wa nyumba shingoni.

Nesi akainua kichwa, akanitazama mimi, anasubiri nithibitishe.

"Andika alivyosema," nikamwambia.