Breki ya Mwalimu

...kwa sababu nilimcheka, Mungu wangu, hilo sikatai, nilimcheka mbele ya wanafunzi waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu, mume wangu wa ndoa, nikampokonya usukani kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, nikasema kwa sauti wewe baba watoto utabaki abiria mpaka siku ya kubebwa, wakacheka wote, akashuka, akaufunga mlango polepole, maana mtu aliyeumia kweli habamizi mlango, akarudi nyumbani kwa miguu na hakugusa usukani tena, watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa, na leo ni yeye aliyekaa upande wa dereva na mimi ndiye abiria, taa mbele yetu ni nyekundu, na mguu wangu wa kulia umekanyaga zulia kwa nguvu zote, pale pale ambapo kwenye gari langu la shule ya udereva pana breki ya pili, breki ya mwalimu, na hapa hakuna kitu, ni zulia tu, jipya, bado limevaa nailoni... tumesimama, hilo ndilo ninalolijua, tumesimama kabla ya mstari mweupe, taratibu, bila kichwa changu kwenda mbele wala kurudi nyuma, na lori la magodoro tulilokuwa tunalifuata limeshavuka njia panda, magodoro yanatikisika kule mbali, na mwanamke wa yadi ya magari, yule muuzaji, ameinuka kwenye kiti cha nyuma na kujiingiza kati yetu na manukato yake yote, anauliza, "Baba, hebu niambie, limesimama lenyewe au umelisimamisha wewe?" na mume wangu hajajibu bado, anafuta kiganja kwenye suruali, ana utepe wake wa kupimia shingoni kama kawaida, fundi cherehani hata msibani huenda nao, na mimi nataka kulijua jibu hilo kuliko nilivyowahi kutaka jibu lolote, maana nimekuja hapa kwa hila, Mola anajua, nimekuja kutafuta gari la kunificha... nilimwambia nataka kulinganisha magari haya yanayojiendesha nusu, kampuni tatu, tuone ipi imeendelea kuwashinda wenzake, nikamwambia ni kwa ajili ya shule, wanafunzi wa siku hizi wanayaulizia, na hiyo ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni uongo uliovaa suti, kwa sababu daktari wa macho alishaniambia, mama, hii ni presha ya macho, inakula pembeni kwanza, katikati utaona vizuri ujidanganye, uache usukani, nikasema sawa daktari, nikatoka nje nikaingia kwenye gari nikaendesha mpaka nyumbani, nisamehe kwa hilo pia, barabara nzima ilikuwa ya watoto wa watu... na nikaanza kuyasoma hayo magari, nikawaza, kama lipo moja la kuona ninachokikosa basi sina haja ya kumwambia mtu yeyote, nitafundisha mpaka nizeeke. Tukaanza na lile jeupe, nikakaa mimi, muuzaji akasema mama, hili halikubali utoke kwenye njia yako, na kweli halikubali, nikisogelea mstari tu usukani unatetemeka mkononi halafu linanivuta katikati kwa nguvu, hakuna samahani, hakuna tafadhali, nikirudia linanivuta tena, mpaka mabega yakaniuma kwa kushindana nalo, nikasema moyoni hili lina adabu gani, linamfanya mtu mzima ajione mjinga, halafu nikalitambua, lilikuwa mimi, mimi mtupu, Bi Breki, ndilo jina waliloniita wanafunzi nikigeuka, sikuwahi kumngoja mtu akosee nusu ya kosa, nilikanyaga kwanza nikaeleza baadaye... tukaja kwenye lile jekundu, la kampuni nyingine, na hilo ni la kistaarabu, linakushika kama mtu anayempeleka mgeni sebuleni, gari la mbele likipunguza nalo linapunguza, likiondoka nalo linaondoka, mikono yangu imelala juu ya usukani kama ya bibi harusi, nikaona nimepata, ahsante Mola, nimepata, tukafika pale malori yalipofuta mistari ya rangi, lami tupu, na lile gari likaniachia, kimya kimya, kama shahidi aliyeona kesi imekuwa ngumu, nikaja kushtuka tairi za kushoto zinasaga kokoto, muuzaji akasema, "Lakini lilikuonyesha, mama, ile alama ya kijani ilibadilika ikawa ya kijivu, pale, pembeni," na mimi nikatazama pale pembeni, alama kama punje ya mchele, nikasema aa, niliiona, na sikuwa nimeiona, pembeni ndiko kulikokwisha kwangu, na mume wangu alikuwa kiti cha nyuma, nikamwona kwenye kioo ananitazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kutia mkasi. Basi tukarudi yadi kulichukua hili la kijivu, muuzaji akaingia ofisini kutafuta funguo, na hapo ndipo mume wangu alipotoa mkono kwenye mfuko wa shati, akasema, "La tatu nakaa mimi," nikasema unakaa wapi, akasema, "Mbele. Kwenye usukani," akanipa leseni, leseni yake, picha yake, na kwenye picha utepe uko shingoni... sikucheka, safari hii sikucheka, nikauliza nani amekufundisha, akasema, "Yule uliyemfelisha mara tatu. Ana shule yake sasa, ng'ambo ya reli," nikasema yule! yule hajui hata kurudi nyuma, akasema, "Anajua. Na hapigi kelele. Anasema kwako alijifunza mambo yote ya kutofanya," nikataka kukasirika nikakuta hasira haipo, nikauliza na kwa nini hukuniambia, umeanza lini, kwa nini, akaichukua leseni, akaifunga kwenye kitambaa chake kama kitu cha dhahabu, akasema, "Tangu ulipoanza kumimina chai nje ya kikombe na kukisingizia kikombe"... kumbe anajua, nilificha nini mimi, nilimficha mtu anayeona uzi uliopotoka kwenye koti jeusi, aliona, akanyamaza, akaenda ng'ambo ya reli kujifunza kwa siri kitu nilichomwambia mbele za watu kwamba hakiwezi, kwa ajili yangu mimi niliyemwambia, na muuzaji akarudi na funguo anaimba. Na hili la kijivu lina mambo yake, lina kamera ndogo nyuma ya usukani inayomtazama dereva macho, muuzaji akatueleza kwa fahari, linakulinda wewe kwanza kabla ya barabara, ukisinzia linajua, ukitazama kando linalia, na linasema mapema, mistari ikianza kufifia linakuambia kwa sauti shika mwenyewe, halikuachii njiani, nikawaza, hivyo ndivyo mwalimu anavyotakiwa kuwa, na nikawaza tena, ningekaa mimi kwenye kiti kile lingeyakamata macho yangu kabla hatujatoka getini, nikamshukuru Mungu kwa aibu aliyoniepusha... na mume wangu akanigeukia kuniuliza kama nimefunga mkanda, gari likalia pi pi pi, muuzaji akacheka, "Lina wivu hilo, baba, halitaki umtazame mama," naye akasema bila kutabasamu, "Nimemtazama maisha yangu yote bila king'ora," na akaondoa gari, Mungu wangu, aliliondoa bila mtu ndani yake kuhisi, kwa sababu mguu ule ni wa cherehani, nilisahau, miaka yote hii nilisahau, mguu unaojua kupunguza mwendo sindano ikifika kwenye kola, na mimi nilimfundisha kwa kumpigia kelele kanyaga, kanyaga! mtu ambaye kukanyaga ndiyo riziki yake... na muuzaji alisema kitu kingine mwanzoni, sasa ndiyo kinanirudia, alisema yote matatu yana kasoro moja, jeupe, jekundu na hili, taa za barabarani hayazijui, yanaangalia gari la mbele tu, taa ni yako dereva, nikaitikia ndiyo ndiyo, kila kampuni na maringo yake na kumbe kwenye taa wote ni vipofu, na lori la magodoro lilikuwa mbele yetu na gari lilikuwa linalifuata lenyewe, na lori lilipita taa ikigeuka, na gari hili lingepita nalo, lingepita kama kondoo, basi, "Baba?" anauliza tena muuzaji, "Ni wewe au gari?" na mume wangu anasema, "Mimi. Lenyewe lilikuwa linaenda na lori," anasema hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa nani amefunga dirisha, na muuzaji anarudi nyuma kwenye kiti taratibu anasema ee Mungu, na kweli, ee Mungu, kwa sababu mbele yetu sasa, kutoka kulia, linapita basi, basi refu zima zima, madirisha yamejaa vichwa, linapita pale ambapo tungekuwa.

Na mimi sikuiona. Hilo ndilo niliseme kwako, Mola, kabla sijasema na mtu. Sikuiona taa mpaka tulipokuwa tumesimama, imetundikwa juu pembeni, mimi niliyefundisha nusu ya madereva wa mji huu, nilihisi gari linapungua ndipo nikakanyaga zulia, mguu ulikuja nyuma ya jambo, nilichelewa, ningekuwa mimi kwenye kiti kile leo ningechelewa, mimi na gari la fedha zote zile, vipofu wawili tunamfuata mbeba magodoro, na aliyeona ni abiria wangu... nilidhani nikilijua hili nitalia, nilikuwa nalikimbia tangu kwa daktari kama mtu anayekimbia mbwa, na sasa nimesimama mbwa amenifikia na kumbe hana meno, nina furaha, nisamehe, nina furaha ya ajabu, kifua kimejaa, ningekuwa peke yangu ningepiga vigelegele humu ndani mpaka ile kamera ikome, tazama mikono yake, mmoja saa nne mmoja saa nane kama kitabu kinavyosema... hapana, mmoja uko juu mmoja uko chini, kama anashika kitambaa, na ni sawa, gari limesimama, mzee anavuka na mkokoteni wake wa madumu, mume wangu amempungia mkono, pita mzee, nani alimfundisha hivyo, sikumfundisha mimi, nashusha macho nauona mguu wangu bado uko pale, vidole vimejikunja ndani ya kiatu, mguu wa Bi Breki, umefanya kazi sana, umeokoa watu, hilo nalo ni kweli na Mungu ameliandika, lakini pia umewatia watu hofu, nauambia toka, hautoki, nauambia tena, na unatoka, nauvuta polepole mpaka uko chini ya kiti, nailoni inabaki na alama ya kisigino, na hakuna kilichotokea, gari liko pale pale, taa nyekundu pale pale, yeye yuko pale pale, "Taa hii nayo," anasema muuzaji, "ina usingizi... haya mama, umeyaona yote, lipi kati ya matatu?" na mimi namgeukia mume wangu, namgeukia kichwa kizima ili nimwone mzima mzima, kola, utepe, jasho dogo kwenye sikio, namwambia, "Baba watoto, hiyo ya kushika usukani izime, ya breki iache tu. Nipeleke nyumbani wewe."